Kamera na boksi la TV vipewe mtandao wao: hoja tunayoielewa nusu

Tahadhari ambayo FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, iliitoa Juni 5, 2025 kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya nyumbani vilivyotekwa na wahalifu, imetufikia Afrika Mashariki vipande vipande. Wapo walioichukua kama habari ya maboksi mabovu ya TV: ukiwa nalo litupe, yaishe. Wapo, hasa vijana wa kompyuta, walioijibu kwa sentensi moja: hamishia vifaa vyote vya nyumbani kwenye Wi-Fi ya pili, ulale usingizi wako. Na wapo wengi zaidi walioona ni mambo ya watu wa mbali wenye friji zinazozungumza na taa zinazowashwa kwa sauti, yasiyomhusu mkazi wa Tabata au Kayole. Kila kundi limeshika kipande. Msimamo wangu ni kwamba kutenga vifaa hivi kwenye mtandao wao kunaihusu nyumba yoyote yenye ruta, kamera ya ulinzi na TV, na kwa wengi wetu hakugharimu hata shilingi. Ila kazi yake ni moja tu: kukizuia kifaa kilichoharibika kisivifikie vingine. Hakukisafishi, wala hakuizuii kampuni iliyokiuza kuona kile unachoipelekea mwenyewe. Tukiielewa kazi hiyo moja kama ilivyo, tutaona pia kwamba tumembebesha mzigo mtu asiyefaa kuubeba.

Tuanze na kilichotokea. BADBOX 2.0 ilihusu vifaa zaidi ya milioni 1 vinavyotumia Android ya bure isiyothibitishwa na Google: maboksi ya TV, projekta, skrini za magari, fremu za picha. Julai 2025 Google ilifungua kesi katika mahakama ya shirikisho huko New York ikitaja vifaa zaidi ya milioni 10. Kabla ya hapo, Desemba 2024, mamlaka ya usalama wa mtandao ya Ujerumani ilikata mawasiliano kati ya wahalifu na vifaa vipatavyo 30,000 nchini humo vilivyokuwa na toleo la awali la programu ya BADBOX. Vifaa vingi vya BADBOX 2.0 viliambukizwa kabla mnunuzi hajafungua boksi, na vingine wakati wa kuvisetia mara ya kwanza, mtu alipoambiwa apakue programu kutoka soko lisilojulikana. FBI ilitaja dalili ambazo mtu yeyote anaweza kuzitambua: kifaa cha chapa usiyowahi kuisikia, kinachoahidi filamu na mpira wa bure, kinachokutaka uzime ulinzi wa Google Play Protect. Maboksi ya namna hiyo, yasiyo na jina linaloeleweka, yanapatikana Kariakoo na Luthuli Avenue kama yanavyopatikana kwenye miji mingi ya dunia. Sisemi kila boksi la Kariakoo lina ugonjwa. Nasema mnunuzi akiligeuza huku na huku mkononi hana namna ya kulijua.

Lililonifanya niandike, hata hivyo, ni jambo la baadaye ambalo halikupata nafasi kwenye habari zetu. Mwanzoni mwa 2026 wachunguzi wa usalama walieleza jinsi mtandao mwingine, Kimwolf, ulivyoteka vifaa zaidi ya milioni 2, sehemu kubwa ikiwa maboksi ya TV ya Android, katika nchi kama Brazili, India, Vietnam na Saudi Arabia. Idadi hiyo ni kubwa, lakini njia waliyopitia inatisha zaidi. Ipo biashara ya kuuza anwani za intaneti za majumbani. Mteja aliye mbali analipa ili mawasiliano yake yapitie kwenye laini ya nyumba ya mtu na yaonekane ni ya mwenye nyumba. Kinachofungua njia hiyo ni programu iliyojificha kwenye simu au boksi lililomo ndani. Wenye Kimwolf waligundua kwamba baadhi ya huduma hizo hazikumzuia mteja kugeuka na kuomba anwani za humo humo ndani, zile zinazoanza na 192.168. Akishageuka hivyo, anapita kifaa kwa kifaa akibisha mlango namba 5555, ambao watengenezaji wa programu za Android huutumia kwa majaribio, na maboksi mengi hutoka kiwandani mlango huo ukiwa wazi bila neno la siri.

Hapo ndipo imani tuliyoijenga kwa miaka zaidi ya 20 ilipopata ufa. Ruta ya nyumbani imefundishwa kumshuku wa nje na kumwamini wa ndani. Kwa nje, nyumba nzima inaonekana kama anwani moja. Ujumbe ukija bila kuombwa, ruta haijui impe nani, inautupa. Ulinzi huo si mdogo, na umetuokoa na mengi. Kwa ndani hakuna ulinzi wowote. Simu, TV, printa na kamera zote zimewekwa kwenye ukumbi mmoja, na kila kimoja kinaweza kumgusa mwenzake bega bila kuulizwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 na wataalamu wa vyuo vya Marekani na Ulaya, uliochunguza vifaa 93 vya nyumbani, ulionyesha kwamba vifaa hivyo hutangaziana humo ndani majina, namba za utambulisho na taarifa nyingine, na kwamba programu za simu na wakusanyaji wa data huweza kuzisikiliza na kuzipeleka nje. TV yako, kwa maneno mengine, inajua una printa gani na simu ngapi.

Mwaka jana nilikaa sebuleni kwa dada yangu, Tabata, nikafungua ukurasa wa ruta yao kwenye simu. Nilimuuliza kwanza: "Dada, hapa kwenu vitu vingapi vinatumia Wi-Fi?" Akahesabu kwa vidole: simu yake, ya shemeji, za watoto wawili, TV, na kompyuta mpakato anayokuja nayo kutoka kazini. Sita. Orodha ya ruta ilikuwa na 14. Lilikuwemo boksi la TV lililonunuliwa kwa ajili ya ligi, DVR, yaani mashine ya kurekodi picha, ya kamera nne za uani, printa, swichi mbili za taa zilizojiandikisha kwa jina la herufi na namba tupu, simu ya jirani aliyepewa neno la siri wakati wa msiba, simu ya dada wa kazi aliyeondoka miezi mingi iliyopita, na kifaa kimoja ambacho mpaka leo hatujakijua. Mlango wa ruta yenyewe ulifunguka kwa jina "admin" na neno la siri "admin". DVR nayo ilikuwa na neno lile lile aliloliacha fundi. Kompyuta yenye mafaili ya ofisi na boksi la mpira wa bure vilikuwa vinapumua hewa moja.

Nyumba ile haina friji inayozungumza. Ni nyumba ya kawaida ya watu wanaofanya kazi na kulipia faiba kila mwezi. Ndiyo maana nasema wanaosubiri "nyumba janja" ifike ndipo waanze kufikiri wamechelewa: ilishaingia, kifaa kimoja kimoja, kila kimoja kwa sababu yake njema. Kamera iliwekwa baada ya kuibiwa kwa betri ya gari. Boksi lilinunuliwa kwa sababu king'amuzi ni ghali.

Ushauri wa kutenganisha si mgeni. Desemba 2019 ofisi ya FBI ya Portland, Oregon, iliwaambia wananchi kwamba friji na kompyuta mpakato visikae mtandao mmoja. Februari 2023 NSA, shirika la ujasusi la Marekani, likapendekeza nyumba iwe na angalau sehemu tatu: mtandao mkuu, wa wageni, na wa vifaa. Kwa mtu wa kawaida inatosha kuanza na mbili, na ya pili mara nyingi tayari imo ndani ya ruta. Inaitwa mtandao wa wageni, imezimwa, inasubiri mtu aiwashe. Ukiiwasha, unapata jina la pili la Wi-Fi lenye neno lake la siri, na chochote kilichojiunga huko kinafika intaneti bila kuviona vilivyo upande wa pili. Faida ambayo watu hawaitaji mara nyingi ni kwamba mtandao wa wageni uliotengenezwa vizuri unaufunga hata ukurasa wa ruta yenyewe. Kifaa kilichotekwa kinachoweza kufika kwenye ruta yenye "admin" na "admin" kinaweza kubadili mahali simu zote za nyumba zinapoulizia anwani za tovuti. Hapo hasara imehama kutoka kwa boksi kwenda kwa familia nzima.

Zipo hoja nzito dhidi ya jambo hili, na zisipuuzwe. Ya kwanza inatoka kwa wataalamu wenyewe. Wanasema zama za kuuamini mtandao wa ndani zimepita. Kila kifaa kijilinde chenyewe, na mawasiliano yote yafumbwe kutoka mwisho hadi mwisho, kiasi kwamba hata ukikaa Wi-Fi moja na mwizi asione kitu. Kwa sehemu kubwa wana haki. Benki unayoifungua kwenye simu imefumba mawasiliano yake, WhatsApp vilevile. Nitawaongezea hoja: Mtanzania au Mkenya anayetuma pesa kwa kupiga msimbo wa nyota na reli hapiti kwenye Wi-Fi kabisa, kwa sababu msimbo huo unasafiri kwenye njia ya mtandao wa simu. Na yule anayetumia bando kwenye simu yake na kuiachia TV faiba ameshatenganisha bila kujua. Kwa hiyo anayewatisha watu kwamba boksi la TV litaikomba M-Pesa yao usiku anawapotosha, na hofu ya namna hiyo ikishagundulika kuwa si kweli huwafanya watu wapuuze na ya kweli.

Lakini hoja hiyo ya wataalamu ina sharti ndani yake: kila kifaa kijilinde. Simu yako inaweza, maana inapata masasisho. Kamera ya bei ya chini mara nyingi haitasasishwa hata siku moja baada ya kuondoka kiwandani. Aliyeitengeneza hana sababu ya kibiashara ya kuikumbuka. Printa ya zamani haijui kumkataa mtu. Kompyuta ya nyumbani yenye folda iliyofunguliwa ili watoto wanakili picha haijui kwamba anayeomba safari hii ni boksi. Kujilinda kwa kila kifaa kunaanguka pale ambapo nusu ya vifaa vya nyumba havina uwezo huo, na kifaa kisichoweza kujilinda dawa yake ni kukaa mbali na kinachoweza kuumizwa.

Hoja ya pili ni ya usumbufu, na hii naiheshimu kuliko zote kwa sababu ndiyo inayowafanya watu warudi nyuma baada ya wiki moja. Ukiihamishia TV kwenye mtandao wa pili, mtoto anataka kurusha video kutoka kwenye simu, TV haionekani. Printa vivyo hivyo. Hakuna kilichoharibika. Vifaa hivi hutafutana kwa kupiga mbiu ndani ya mtandao mmoja, na mbiu hiyo haivuki mpaka. Vingine vinavyoongozwa kupitia seva za nje, kama swichi nyingi za taa, vitaendelea kufanya kazi ukiwa upande wowote, kwa kuwa amri inatoka nje na kurudi ndani. Suluhisho la nyumba ya kawaida ni kukubali kwamba si lazima kila kitu kihamishwe. TV ya chapa inayojulikana na inayopata masasisho inaweza kubaki mtandao mkuu kama familia inarusha video kila siku. Boksi lisilo na jina, DVR, kamera za Wi-Fi, swichi na balbu hazina sababu ya kukaa na kompyuta ya kazini. Printa ichomekwe kwa waya ikiwezekana. Mtu wa usalama atanilaumu kwa kulegeza hivi. Ninachojua ni kwamba mgawanyo mkali unaovunjwa na familia baada ya siku tatu hauna faida kuliko mgawanyo mlegevu unaodumu miaka mitatu.

Yapo pia makosa ya kiufundi yanayofanya mtu aamini ametenga kumbe bado. Baadhi ya ruta zina mtandao wa wageni wa jina tu. Jaribio lake ni rahisi: jiunge nao kwa simu, zima bando, kisha fungua anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukurasa wa kuingilia ukitokea, mlango haujafungwa. Kosa la pili ni la wale wanaonunua ruta ya pili na kuichomeka nyuma ya ile ya kampuni, kisha kamera wakazipeleka kwenye ruta mpya na simu wakaziacha kwenye ya zamani. Wamegeuza. Kilicho nyuma ya ruta ya ndani kinaweza kutoka na kuvigusa vilivyo kwenye ruta ya nje, lakini vya nje haviwezi kuingia ndani. Simu na kompyuta ndizo zinazotakiwa kukaa ndani, kamera na maboksi nje. Jambo hili ni muhimu hasa kwa wapangaji. Nyumba nyingi za kupanga siku hizi zina Wi-Fi moja ya mwenye nyumba inayochangiwa na familia tano au sita, na boksi la mpangaji wa chumba cha mwisho ni jirani wa kompyuta yako hata kama hamjawahi kusalimiana. Mpangaji hana mamlaka juu ya ruta ile. Ruta yake ndogo, iliyochomekwa kwenye waya wa mwenye nyumba, inamfanyia ukuta wake.

Sasa niijibu hoja ninayoisikia kuliko zote, iliyo dhaifu kuliko zote: mimi sina cha kuibiwa. Msemaji anafikiri mwizi anatafuta picha zake za harusi. Mwizi wa aina hii hata jina lako hataki kulijua. Anataka laini yako na anwani yako, avifanye vazi la kufanyia kazi yake mwenyewe: kuingia akaunti za watu wengine kwa jina la nyumba yako, kubofya matangazo kwa mamilioni, au kuungana na vifaa vingine kuipiga tovuti fulani mpaka ianguke. Afrika ilishalipa gharama hiyo. Mwaka 2016, programu ya Mirai ilipita duniani ikijaribu majina na maneno ya siri ya kiwandani, orodha fupi ya jozi zipatazo 60, na kwa orodha hiyo ikateka kamera na DVR kwa mamia ya maelfu. Oktoba 21 mwaka huo iliiangusha Dyn, kampuni iliyokuwa ikizielekeza kompyuta kwenye anwani za tovuti, na kuzifanya tovuti kubwa za Marekani zisifunguke. Mwisho wa mwaka huo huo Mwingereza Daniel Kaye, aliyelipwa na mtu wa kampuni shindani, alitumia jeshi la vifaa vya namna hiyo dhidi ya Lonestar, kampuni ya simu ya Liberia, akawavurugia intaneti wateja wake. Alihukumiwa London Januari 2019 kifungo cha miaka 2 na miezi 8. Vifaa vilivyomfanyia kazi vilikuwa kamera za watu waliokuwa na hakika kwamba hawana cha kuibiwa.

Mfano huo huo unanilazimu niwe mkweli kuhusu mipaka ya dawa ninayoipendekeza. Kamera zile hata zingekuwa kwenye mtandao wa wageni zingeendelea kuipiga Lonestar bila taabu, kwa sababu njia ya kutoka nje zinayo. Boksi lenye BADBOX likiwa peke yake kwenye mtandao wa pili bado linauza anwani yako, bado linakula kasi unayoilipia, na polisi wakija kuulizia anwani hiyo ni mlango wako watakaogonga. Hapa wale wa "litupe, yaishe" wako sahihi kuliko vijana wa Wi-Fi ya pili. Kifaa chenye dalili zile huchomolewa. Kutenga ni kwa ajili ya vile usivyo na hakika navyo, yaani karibu vyote.

Mpaka mwingine ni seva za kampuni. Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Ring, kampuni ya kamera ya Amazon, kwa kuwaachia wafanyakazi wafikie video za wateja, akiwemo mmoja aliyetazama maelfu ya video za wanawake kwenye nyumba zao. Kesi iliisha kwa dola milioni 5.8. Februari 2024 wateja wa kamera za Wyze wapatao 13,000 walionyeshwa picha za nyumba zisizo zao. Katika matukio yote mawili, nyumba iliyokuwa na mitandao miwili isingepona zaidi ya iliyokuwa na mmoja. Picha ilishatoka. Kinga ya hilo ni uamuzi wa kamera iangalie wapi: geti, ua, duka, sawa; chumba cha kulala na mahali wanapolala watoto, hapana, hata kamera iwe ya chapa gani.

Kwa wenye biashara ndogo majumbani hesabu inabadilika, na hapa ndipo ningeweka mkazo kuliko kwa familia. Fikiria nyumba ya wageni ya vyumba vinane Paje au Nungwi. Mgeni anapofika, kabla ya juisi ya ukwaju, anaomba neno la siri la Wi-Fi, na limeandikwa kwa chaki mapokezi. Kwenye mtandao huo huo ipo kompyuta ya uhifadhi wa vyumba yenye nakala za pasipoti, ipo DVR, ipo TV ya kila chumba. Kila wiki watu wapya wanaingia na simu ambazo hakuna anayejua zimebeba nini. Kimwolf haikuhitaji mgeni mwenye nia mbaya; ilihitaji simu moja yenye programu moja iliyouza anwani yake bila mwenyewe kujua. Zahanati ndogo na shule binafsi nazo ziko hapo hapo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023. Mwenye nyumba ya wageni anayehifadhi pasipoti za watu ana wajibu wa kuzilinda, na itakuwa vigumu kwake kueleza kwa nini TV ya chumba namba 4 ilikuwa na njia ya kuzifikia.

Wengine husema dawa ni sheria dhidi ya watengenezaji, na si mimi nitakayewapinga. Uingereza tangu Aprili 29, 2024 imepiga marufuku vifaa vyenye neno la siri la jumla la kiwandani. Umoja wa Ulaya una sheria yake iliyoanza kuwa na nguvu Desemba 2024 na itakayowabana watengenezaji kikamilifu Desemba 11, 2027. Sheria hizo zitatusaidia kwa kiasi, maana kiwanda hakipendi kutengeneza kamera za aina mbili. Lakini bidhaa isiyo na jina haina wa kushtakiwa. Na ambayo haitaruhusiwa Rotterdam itatafuta bandari nyingine, na bandari hizo tunazijua kwa majina.

Ndiyo maana macho yangu yako kwa kampuni za faiba na mafundi wa kamera. Wao wapo ndani ya nyumba, na ruta wameishika. Kampuni nyingi zina uwezo wa kuzisetia ruta za wateja wao kutoka ofisini, na zingeweza kuuwasha mtandao wa pili kwa nyumba zote mpya bila kumtuma mtu. Najua njia hiyo ya mbali ina hatari zake: Novemba 2016 Kaye huyo huyo alijaribu kuziteka ruta za wateja wa Deutsche Telekom kwa mlango uliokuwa umeachwa kwa kazi hiyo, na wateja wapatao 900,000 wakakosa huduma. Hilo linadai mlango huo ulindwe, na ikishindikana kazi ifanywe kwa mkono siku ya kufunga. Kumwachia dada yangu ajifunze 192.168 baada ya kurudi kutoka kazini ni kujidanganya. Hakuna anayemtaka mteja wa umeme afunge mwenyewe kikata umeme cha jiko. Fundi anakuja nacho.

Tabata tulimaliza baada ya chai ya jioni. Boksi lilichomolewa, shemeji akanung'unika kidogo kwa ajili ya ligi. DVR na swichi zilihamia jina jipya la Wi-Fi, la 2.4 GHz peke yake, kwa kuwa vifaa vingi vya bei ya chini havijui nyingine. Maneno ya siri ya Wi-Fi, ya ruta na ya DVR yalibadilishwa, na kile kifaa kisichojulikana kikabaki nje kwa kukosa neno jipya, hakuna aliyelalamika. Dada alinionyesha karatasi aliyoachiwa na fundi wa faiba siku ya kwanza. Ina mstari mmoja wa jina la Wi-Fi na mstari mmoja wa neno la siri, na chini yake nafasi tupu inayotosha mistari mingine miwili.